Herufi ya Nne ya Jina la Bibi Harusi

Benchi la mtaa wa Tuwan halina miguu. Ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya magurudumu mawili ya lori, ubavuni mwa kibanda cha kuziba pancha, na anayekaa katikati hushuka kidogo kidogo kadiri wa pembeni wanavyoongezeka. Nyambu, mwanamke muuza kahawa, huteremsha hapo birika lake la kahawa ya tangawizi kila siku saa nne asubuhi, na kuanzia saa nne na dakika tano dunia huanza kupangwa upya na watu ambao hakuna aliyewaomba msaada. Agosti hiyo mvua ilikuwa haijaiacha Kitale hata siku moja. Jumatano yenyewe ilikuwa ya manyunyu, baridi na matope, siku ambayo mtu mwenye kazi angekuwa kazini. Wenyeji wa benchi walikuwa wanne, na wote walikuwa benchini.

Wana majina ambayo mama zao hawakuwapa. Kipkemei, mwenye kibanda cha pancha, anaitwa Presha, kwa ajili ya pampu yake na kwa ajili ya moyo wake, maana hajawahi kukubali kushindwa katika mabishano. Nderitu, aliyekuwa karani wa kutunza faili kwa miaka thelathini hadi alipostaafu, anaitwa Masjala. Tonny wa bodaboda ni Breki, kitu ambacho pikipiki yake haina. Na yule aliyekaa mwisho wa ubao, simu juu ya goti, kahawa ikimpolea mkononi, ni Wekoye, fundi wa kuandika mabango. Yeye ni Brashi.

Brashi ana mkono mzuri, hilo hata wasiompenda hawalikatai. Kuanzia Tuwan hadi Kachibora, vinyozi, vinu vya unga na maduka ya dawa za mifugo vyote vimebeba mwandiko wake. Ila mkono huo una kasoro moja. Wekoye ni mtu wa Kimilili, na kwao L na R ni ndugu wanaoazimana nguo; ukimwita mmoja huitika mwingine. Watu wengi wa huko husema hivyo lakini huandika sawasawa. Wekoye huandika anavyosema. Kuna mkahawa mmoja njia ya Kachibora ambao hadi leo unakaribisha watu waje "kura chakula", na mwenyewe amekataa kuurekebisha kwa sababu miaka ya uchaguzi humletea wateja. Kwa hiyo wenye busara humpa Brashi karatasi iliyoandikwa tayari, naye hunakili herufi moja baada ya nyingine.

Asubuhi hiyo Nyambu ndiye aliyeanzisha mambo. Nyambu ni mtu wa Taita, aliletwa Kitale na ndoa, na huongea polepole kama anayewapa wengine nafasi ya kujirekebisha.

— Brashi, zile chupa za Ciru ulizimaliza?

— Zilienda juzi.

— Mimi sielewi, Nyambu akasema huku akimimina. Chupa ya jamu, mtu ameila akaimaliza, akaitupa. Leo ndiyo inawekwa mbele ya wageni wa harusi?

Ilibidi Wekoye aeleze, na alieleza kwa maneno machache. Ciru, mpambaji wa harusi mwenye duka nyuma ya soko, huzikusanya chupa hizo kwenye hoteli za mjini, za jamu, za kahawa, za asali, mradi ziwe na mdomo mpana. Huziloweka kwenye maji ya moto na magadi mpaka karatasi zake zitoke, gundi iliyobaki akaisugua kwa mafuta ya taa. Shingoni huzungusha kamba ya katani. Siku ya harusi humwaga maji hadi nusu, akatia waridi tatu, na kila meza hupata chupa yake. Hizi za Jumamosi zilikuwa thelathini na sita, za harusi ya Bungoma, na kazi ya Wekoye ilikuwa kuandika majina ya maharusi ubavuni kwa rangi nyeupe ya mafuta.

Kipkemei hakuhitaji kusikia zaidi.

— Huo ni ujanja wa wapishi, akasema. Meza ni ndogo, watu ni kumi. Ukiweka lichupa na maua hapo katikati, sinia ya nyama itakaa wapi? Watu wanaangalia maua, wanapiga picha, wakikumbuka nyama imeisha.

Nderitu alikataa. Alisema kwa sauti yake ya ofisini kwamba chupa ile ni mpaka. Upande huu wamekaa wakwe wa Bungoma, upande ule wakwe wa Kitale, hawajuani, hawajapendana bado. Ukiweka kitu kirefu katikati macho yao hayakutani, na macho yasipokutana ugomvi hauanzi.

— Masjala, si hiyo ni glasi? Tonny akauliza. Mpaka gani mtu anaona ng'ambo?

— Ndiyo maana wanatia maji. Mtu ukimwona kupitia maji anakaa mnene. Hata mkwe hana kitu, unaona ameshiba.

Hapo Kipkemei akaona anapitwa. Akawaambia habari ya harusi moja ya Kachibora ambapo chupa ilipasuka yenyewe katikati ya hotuba, hakuna aliyeigusa, na kwenye meza ile alikuwa amekaa mtu mwenye kijicho. Ndoa yenyewe ilidumu wiki tatu. Tangu siku hiyo, kwa mujibu wa Kipkemei, familia zenye akili huweka chupa kila meza ili zijue adui amekaa wapi.

— Kama ile kitu ya kunusa moshi kwa dari, Tonny akasema. Lakini ya watu wabaya. Hiyo ni noma, Presha. Na maua ni za nini?

— Maua ni ya kumfanya asijue anapimwa.

Nyambu aliuliza kwa upole kama huyo mwenye kijicho wa Kachibora alijulikana jina. Kipkemei akasema jina analo, ila si la kutajwa kwenye mvua. Nderitu akatikisa kichwa. Yeye alikuwa ameshafika mbali zaidi. Alisema wao wanaona chupa lakini hawaoni serikali. Karatasi huungua, huliwa na mchwa, huibwa. Glasi haiungui hivi hivi wala hailiwi. Baada ya miaka miwili hakuna atakayepewa cheti cha ndoa bila kuleta chupa yenye majina mawili, na zitapangwa kwenye rafu huko Nairobi, ndoa zote za Kenya, zikiwa na namba.

— Na mtu akitaka talaka? Tonny akauliza.

— Anapewa nyundo.

Walicheka, hata Nyambu. Nderitu akainua kidole kuonyesha kwamba hajamaliza.

— Msicheke sana. Jina likikaa kwa glasi, hiyo ni rekodi. Nimeona kwa macho yangu mtu ananyimwa shamba la baba yake kwa sababu ya herufi moja. Mimi miaka thelathini sijawahi kuchanganya herufi kwa karatasi. Hata moja.

Wekoye aliitazama simu yake. Haikuwa imelia tangu Jumatatu.

— Hao watu wa Bungoma ni nani? Nyambu akamuuliza. Uliandika majina gani?

— Viora na Dancan.

Kipkemei akageuka upesi, macho yakimng'aa. Akataka kujua ni Viora ama Viola. Nderitu akaingilia kati amsaidie Wekoye, kwa sababu wazee husaidiana, ila Nderitu naye amezaliwa katika ukoo wa watu waliotoka Nyeri, na huko nako ndugu hao wawili huazimana nguo.

— Brashi anasema Viora, lakini yeye anamaanisha Viora.

Kipkemei alicheka mpaka kahawa ikamwagikia viatu. Akamwomba Masjala arudie, Masjala akarudia, ikawa vilevile, na Tonny akawa amejishika mbavu. Ilichukua muda mrefu benchi kutulia, na katika muda huo hakuna aliyeona kwamba Brashi hakuwa amecheka.

Miaka ishirini na sita iliyopita, Edah, mke wa Wekoye, alijifungua msichana, akataka apewe jina la muuguzi aliyemshika mkono mpaka mwisho, Viola. Wekoye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuandikisha. Karani wa pale alimpa kalamu ajaze fomu, akausifu mwandiko, akapiga muhuri. Viora. Mtoto alikuja kugundua shuleni kwamba jina analoitwa na mama yake silo lililo kwenye karatasi. Alichekwa sana. Jina hilo lilimfuata kwenye madaftari, kwenye mitihani, kwenye vyeti. Wekoye hakuwepo kuona mengi ya hayo. Mtoto alipokuwa na miaka kumi na mmoja, yeye alikuja Kitale kuandika ukuta wa kituo cha mafuta, kazi ya wiki mbili, akapata mwanamke hapa Tuwan, na wiki mbili zikawa miaka kumi na mitano. Yule mwanamke naye aliondoka zamani. Wekoye hakurudi kwao. Mwanzo aliona haya, na haya ikikaa sana mtu huizoea akadhani ndiyo tabia yake. Benchini wanamjua kama mtu asiye na mtoto, naye hajawahi kuwasahihisha.

Ciru alipomletea chupa, alimwachia karatasi yenye majina. Akaongea huku akizishusha. Bibi harusi ni mwalimu wa Kimilili, mama yake anaitwa Edah, mjomba wake Wangila ndiye anasimamia kila kitu. Akaigonga karatasi kwa ukucha, kwenye herufi ya nne. Hapa usikosee, alisema, huyu msichana ameenda mpaka kwa wakili kubadilisha hii herufi moja tu.

Wekoye alikaa na chupa hizo kutwa nzima bila kuzigusa. Alitaka kitu kimoja, aitwe. Hakutaka kukaa mbele, wala kumshika mtoto mkono mpaka madhabahuni, wala kutajwa kwenye hotuba. Aitwe tu, hata kwa mdomo, akae kwenye kiti cha nyuma mahali ambapo hema huvuja. Siku ya pili akashika brashi akaanza. Chupa sita za kwanza mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwenye ile fomu, na alipoinua ya saba ndipo macho yake yalipoangukia karatasi. Tapentaini ilikuwa kando, kitambaa kilikuwa kando. Zilikuwa chupa sita tu, kazi ya dakika kumi kuzifuta. Lakini alikaa akazitazama, na wazo likamjia ambalo aliliona zuri kupita mawazo yote aliyowahi kuwa nayo. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuandika jina hilo hivyo. Viola akiliona atajua. Atajua niko hai, atajua niko Kitale, ataniita. Akaandika nyingine thelathini, R moja baada ya nyingine, kila mara akiitazama L ya kwenye karatasi.

Ciru alipokuja kuzichukua Jumatatu alizikagua zote. Alisoma kwa sauti, Viora na Dancan, Viora na Dancan, na masikioni mwake lilikuwa sawa kabisa, kwa kuwa Ciru naye asili yake ni Nyeri. Akazifunga kwa magazeti, akazituma Bungoma. Tangu hapo Wekoye alikuwa akingojea.

Gari dogo la abiria lilisimama mbele ya kibanda saa tano kasoro. Akashuka msichana mwenye koti la mvua, akafungua buti, akatoa maboksi mawili na kuyaweka juu ya ubao, mahali ambapo Tonny alikuwa amekaa kabla hajaruka. Aliwaamkia wote kwa adabu. Akasema anaitwa Ivy, ni mwalimu Kimilili, anatafuta fundi mmoja anaitwa Brashi, ameelekezwa hapa na Ciru.

Wekoye aliinua mkono. Ivy akafungua boksi, akatoa chupa, akaifunua gazeti na kuiweka mbele ya watu. Herufi zilikuwa nyeupe, safi, zimesimama vizuri. VIORA & DANCAN.

Halafu benchi likafanya kazi yake. Nderitu alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akasema hii sasa ni hatari, kisheria huyo Dancan anaoa mtu mwingine. Kuna Viola mwenye kitambulisho, na kuna Viora wa kwenye glasi, na padri akishawafungisha mbele ya chupa thelathini na sita, huyo wa pili naye ana haki zake.

— Kwa hivyo jamaa ataamka na mabibi wawili, Tonny akasema. Na mmoja haonekani.

— Huyo asiyeonekana ndiye mbaya, Kipkemei akasema. Huyo ndiye atapasua chupa.

Kipkemei aliendelea kueleza jinsi ndoa hiyo inavyoweza kuokolewa kwa kufanya harusi ndogo ya pembeni, ya yule wa herufi ya R, katika siku ya wiki ambayo haina watu wengi. Tonny alitaka kujua kama huyo naye atahitaji keki. Ivy aliwasikiliza kwa uso wa mwalimu anayesubiri darasa limalize kelele. Walipopunguza, aliwageuzia mgongo wote watatu akamtazama Wekoye.

— Mzee, mimi nimetumwa kwako. Viola alifungua hizi chupa jana. Nilidhani atapiga nduru, maana hiyo jina imemsumbua tangu shule. Wapi. Alichukua moja, akaiweka kwa mkoba wake, akaingia ndani. Leo asubuhi ameniambia nije na hizi zingine nikuulize kitu moja tu.

— Uliza, Wekoye akasema.

— Hii R. Umekosea, ama umekusudia?

Nderitu akasema ni makosa, mtu wa Kimilili hawezi kukusudia R, inakuja yenyewe. Kipkemei akasema ni kusudi, fundi gani anakosea mara thelathini na sita. Tonny akasema huenda ni chupa ya kwanza iliambukiza zingine. Ivy hakugeuka.

— Naongea na mwenye aliandika.

Wekoye aliweka kikombe chini. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, kutakuwaje akisema ni makosa. Ivy akajibu kwamba basi atamwachia chupa azirudie, na gari litapita Ijumaa kuzichukua.

— Na nikisema nilikusudia?

— Ukisema umekusudia, amesema nimpigie simu, halafu nikupatie hiyo simu wewe.

Wekoye alisikia maneno hayo vizuri. Kumbe alilolitaka lilikuwa karibu hivyo, neno moja, na kati ya maneno mawili ni yeye wa kuchagua. Mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka. Ni Nyambu, ambaye hana ubaya na mtu, aliyeuliza huku akimpa Ivy kikombe cha kahawa.

— Mwalimu, na nani anampeleka kanisani huyo rafiki yako?

— Mjomba wake, Wangila.

— Babake alifariki?

— Sijui. Huwa hamtaji. Siku moja tu, wakati tulikuwa kwa wakili wa hiyo jina, alisema baba yake alimfanyia kazi moja tu maishani, kumwandikisha, na hiyo pia akaikosea. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kipkemei alisonya kwa hasira za kweli. Alisema wanaume wengine ni wa kufungiwa. Tonny akasema mtu kama huyo akitokea siku ya harusi anafaa aonyeshwe njia. Nderitu alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, na alikuwa anamtazama Wekoye.

Wekoye alijaribu kupanga sentensi. Angeanzia wapi. Nilikosea sita, thelathini nilikusudia. Nilikosea kwenye fomu, hapa nilikusudia. Nilikusudia uniite. Kila alivyoigeuza aliona kwamba mwisho wake ni kuambiwa, basi zungumza, na angezungumza nini na mtu aliyemwacha akiwa na miaka kumi na mmoja, mbele ya Presha na Breki, mvua ikinyesha. Na akaona jambo jingine lililomtia baridi zaidi ya hilo. Baada ya barua zote ambazo hakuandika, ile moja aliyomwandikia mtoto wake ilikuwa ya kumharibia jina tena, meza thelathini na sita, mbele ya wakwe. Aliliona hilo sasa hivi tu, kwenye benchi. Jana bado aliliona zuri.

— Mwambie ni makosa, akasema.

— Una uhakika, mzee?

— Mkono uriteleza. Mwambie fundi anaomba msamaha.

Ivy alipiga simu hapo hapo. Mvua ilikuwa imezidi juu ya mabati ya kibanda, kwa hiyo aliiweka kwa sauti kubwa apate kusikia, na kila mtu akasikia. Sauti ya mwanamke ikauliza, amesemaje. Wekoye alimtambua Edah katika sauti hiyo ya mtoto wake, na alijijua mwenyewe kidogo. Simu ilikuwa umbali wa mkono wake. Angeweza kutamka neno lolote, hata lisilo na maana, na lingefika.

— Amesema ni makosa, Ivy akasema. Anaomba msamaha, mkono uliteleza.

Ivy akaiangalia simu kuona kama imekatika.

— Sawa, sauti ikasema. Mwambie ni L.

Halafu ikakatika. Ivy aligeuka akasema amesema ni L, kana kwamba hakuna aliyesikia. Akanywa kahawa yake haraka, akamshukuru Nyambu, akawaaga wazee, akarudi garini. Dereva alikuwa hajazima injini.

Tonny alipata abiria wa kwenda sokoni, akaondoka. Kipkemei aliletewa gurudumu, akaingia kibandani na kuanza kulipiga nyundo. Alisikika akimweleza mwenye gurudumu habari ya wanaume wa kufungiwa. Wekoye alifungua mkoba wake wa kazi, akatoa tapentaini, kitambaa, kikopo cha rangi nyeupe na brashi mbili. Hakwenda nyumbani. Alikaa pale pale, boksi katikati ya miguu, akaanza.

Alijaribu kufuta R peke yake, akazungusha kitambaa kwenye kidole akaigusa taratibu. Haikuwezekana. Rangi ya mafuta ikishalowa tapentaini hukimbia, ikachukua O ya upande huu na A ya upande ule, ubavu wa chupa ukawa ukungu mweupe. Alilifuta jina lote mpaka glasi ikawa tupu, akaikausha kwa mkono wa shati. Akaandika upya. V ilikaa vizuri. I ilikaa vizuri. O ikawa duara safi, na kwa hiyo tu mtu angejua ni Brashi. Kisha brashi ikasimama hewani.

Ni herufi rahisi kuliko zote, mstari wa kushuka na mstari wa kulala. Ameiandika maelfu ya mara akinakili karatasi za watu. Aliivuta mbele karatasi ya Ciru, akaitazama, akarudi kwenye chupa, na mkono haukushuka. Rangi ilianza kudondoka kwenye suruali.

— Masjala, akasema bila kuinua kichwa. Hebu niandikie hii L.

Nderitu aliuliza yeye ataandikaje, hajawahi kushika brashi maishani, si kazi yake. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, na si kwa ubishi.

— Mkono wangu umekataa, Wekoye akasema. Mimi siwezi hii.

Nderitu alivaa miwani. Aliinuka upande wa pili wa ubao, akaja akakaa karibu naye mpaka mabega yakagusana, akaipokea brashi. Alishusha mstari, akaulaza. Ilikuwa L ya karani, nyembamba, imeinama kidogo kulia, haifanani hata chembe na jirani zake. Wekoye aliitazama muda mrefu. Akaimalizia A, akaiweka chupa kando ikauke, na akainama ndani ya boksi kuchukua nyingine.

Walifanya hivyo hadi saa nane. Nyambu aliinamisha birika akaona limeisha, akakusanya vikombe vyake akaenda. Zilikuwa chupa thelathini na tano, na kila ilipofika herufi ya nne aliisukuma upande wa Nderitu na kugeuza uso akatazama barabara.